Nyumba Asiyoingia Baba Mkwe

Kati ya mlango wangu na mlango wa baba mkwe kule Gesima kuna hatua ishirini na mbili. Najua kwa sababu nimezihesabu, tena si mara moja. Katikati yake kuna ukuta mfupi wa mawe unaonifika kiunoni. Mume wangu aliujenga akiwa mwanafunzi ili ng'ombe wasile maua ya mama yake. Mama mwenyewe alifariki kabla sijaolewa, maua yakafa, ng'ombe wakatolewa mahari yangu, ukuta ukabaki. Juu ya ukuta huo ndipo nilipokuwa naweka chakula cha mzee.

Nilikuwa natumia bakuli la bati lenye maua mekundu. Nalifunika kwa sahani, nasema kwa sauti bila kuangalia upande wake, "Chakula kiko tayari, Tata," yaani baba, kisha naingia ndani. Yeye alikuwa akisubiri nipotee kabisa ndipo atoke. Baadaye nalikuta bakuli limeoshwa na kupinduliwa lipate kukauka. Kwa miaka mitano hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na ukiniuliza mimi, yalitosha.

Asiyetoka kwetu anaweza kudhani tulikuwa tumekosana. La. Sisi Wagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya ya heshima baina ya mtu na wakwe zake. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hampeani mikono. Hamkai benchi moja. Mkikutana njiani mimi napisha, na yeye ghafla anapata jambo la kuchunguza kwenye majani chai. Najua siku hizi kuna vijana wa mjini wanaowakumbatia wakwe zao mbele ya kamera. Sawa, kila mtu na kwake. Mimi nilizaliwa Manga, nikalelewa na mama aliyeniambia kwamba nitajua nimeolewa vizuri siku nitakapokuwa na baba mkwe asiyejua rangi ya mapazia yangu. Wangu hakuijua, nami nilijivunia hilo sana.

Mume wangu alikuwa huko. Kijijini kwetu huna haja ya kutaja nchi. Ukisema "huko" na kuinua kidevu kidogo, kila mtu ameelewa. Alikwenda kusoma, akapata kazi ya kuhudumia wagonjwa, akapata karatasi za kukaa. Akarudi likizo tukaoana. Ng'ombe walitoka, wanawake wakaimba mpaka sauti zikakauka, nikahamia Gesima. Baada ya wiki tatu akarudi kazini. Nilipiga hesabu siku moja nikichuma chai: katika miaka mitano ya ndoa tulikuwa tumeishi chini ya paa moja kwa wiki kumi na moja tu. Mtoto hatukuwa naye. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na kila Sabato baada ya ibada hakukosekana mama mmoja aliyeniangalia tumbo kabla ya kuniangalia uso.

Nilitaka kwenda kwa mume wangu. Huko kwenyewe sikukutaka hata kidogo. Nilikuwa nimeambiwa kuna baridi inayouma masikio. Nilimtaka yeye, na nilitaka mtoto wake, na wakati ulikuwa unakwenda.

Sasa, ukitaka kujua idadi ya marafiki zako, tangaza Kisii au Nyamira kwamba unatafuta viza. Kinyozi anajua njia. Mwalimu wa kwaya anajua njia. Wa kwanza kunishauri alikuwa shangazi ya mume wangu, dada wa baba mkwe, mama mnene mcheshi anayeuza ndizi sokoni Kebirigo. Yeye hajawahi kupanda hata ndege ya sinema lakini alikuwa na uhakika wa mtu aliyezaliwa uwanjani.

"Enda kama mgeni," aliniambia akipanga mikungu. "Wewe si unaenda kutembelea bwana yako? Ukifika, kaa. Nani atakufukuza kwa kitanda ya bwana yako?"

Nilimpelekea mume wangu wazo hilo kwa simu. Alicheka kwanza. "Ukiingia kama mgeni ukakaa," akasema, "siku moja watakutoa kama mgeni. Halafu hata mlango wa mke utakuwa umefungwa." Wazo la shangazi likafia hapo.

Wa pili alikuwa wakala mmoja Kisii mjini, mwenye ofisi ghorofani na suti inayong'aa viwikoni. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi. Ningeandikishwa kozi ya kutunza wazee, nifike huko baada ya miezi michache, mambo mengine tujipange mbele kwa mbele. Nilikuwa nimeshaanza kuvutiwa alipochukua kalamu na kusema, "Hapa kwa ndoa tutaandika hujaolewa. Inarahisisha."

Mimi nina mdomo, sitakataa. "Tukiandika sijaolewa," nikamwuliza, "wale ng'ombe nitaambia nani awarudishe?"

Akaniambia nisichukulie mambo hivyo, ni karatasi tu. Nikabeba mkoba wangu nikashuka ngazi nikiwa nimefura. Kujiandikisha kwa ile bahati nasibu ya viza tulikuwa tumejaribu mara mbili, tukaambulia patupu. Ikabaki njia moja, ya polepole kuliko zote: viza ya mke. Mume wangu angejaza fomu zake huko, mimi nijaze zangu hapa, tuambatanishe ushahidi kwamba sisi ni mume na mke kweli, halafu tungoje. Tatizo moja lilikuwa cheti. Tulikuwa tumeoana kimila, na kuandikisha ndoa serikalini tulikufanya likizo yake ya mwisho, mwaka mmoja tu kabla ya fomu. Kwa mtu asiyetujua, ilionekana ndoa iliyozaliwa ikiwa na tiketi mkononi.

Nilijaza fomu yangu kwenye meza ya kulia, Jumapili, nikiwa nimenawa mikono kama mtu anayetaka kukanda unga. Niliamua jambo moja: sitadanganya hata herufi. Mume wangu alikuwa amenionya kwamba watu hukataliwa kwa uongo mdogo.

Swali likaja: unaishi na nani? Nikaandika: peke yangu. Ningeandika nini? Kusema ninaishi na baba mkwe ni matusi kwake na kwangu. Swali: wazazi wa mwenzi wako wamewahi kuja nyumbani kwako? Nikaandika: hata siku moja. Swali: huwa mnakula pamoja? Hatujawahi. Mnazungumza mara ngapi? Nikafikiria sana hapo, nikaandika: kwa nadra, kwa mbali. Na picha nilizotuma zilikuwa za siku ya mahari, watu wengi, sahani nyingi, mimi na mume wangu na shangazi kila mahali. Baba mkwe hakuwemo hata katika moja. Alikuwa amekaa mahali pake na wazee wenzake, nami nilikuwa mahali pangu, ilivyo sawa.

Nilipomaliza nilisoma majibu yangu tena, nikaridhika. Kama mama yangu angeyaona, angelia kwa furaha kwamba binti yake anaheshimu mji wa watu.

Baada ya miezi kadhaa ilikuja barua. Mume wangu alinipigia simu nikiwa shambani, kikapu mgongoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ulijazaje ile fomu?"

"Nilijaza ukweli."

"Ukweli gani? Mimi niliandika mke wangu anaishi na baba yangu, anamtunza kila siku, anampikia. Wewe umeandika unaishi peke yako na hamjawahi kula pamoja! Umeandika baba hajawahi kukanyaga kwako! Wanasema maelezo yetu yanapingana. Wanasema haionekani kama familia ya mume inakujua."

Nilikaa chini kati ya miche ya chai. Kile nilichokuwa nimekiandika kwa fahari kilikuwa kimesomwa na mtu wa mbali kama ushahidi kwamba mimi ni mke wa kukodi. Barua ilitupa nafasi moja ya kujieleza na kuleta ushahidi zaidi, kisha niitwe kwenye mahojiano. Tukishindwa, ni kuanza upya, na kuanza upya ni miaka. Nilijua hesabu ya miaka yangu vizuri kuliko mtu yeyote.

Tulipata wakili Kisii mjini, kijana mpole kutoka kaunti za kule ziwani. Alisoma barua mara mbili, akavua miwani. "Dada, hii kitu ni rahisi," akasema. "Mnahitaji picha. Wewe na mzee, sebuleni kwako. Mzee amekaa kwa kochi, anakunywa chai. Wewe uko kando. Picha kama tatu hivi. Barua inajibiwa."

"Mzee haingii sebuleni kwangu."

"Ataingia dakika moja tu."

Nilimwambia hapana, nikaondoka. Jioni mume wangu alinisihi: ni picha tu, dakika moja, nani atajua? Nilimkaripia. Nikamwambia kama yeye amekaa huko mpaka amesahau baba yake ni mtu wa namna gani, mimi sijasahau. Tulikata simu kila mtu na hasira zake, na usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuiona ile picha. Nilijua hata ningemweka kochi gani.

Niliyeongea naye alikuwa shangazi, nikamwomba abaki nayo moyoni. Shangazi kubaki na jambo moyoni! Kesho yake jioni alikuwa amekwisha kufika Gesima, amekaa kwa kaka yake, na sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka kwenye zizi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naosha vyombo nikasikia hatua uani. Si hatua za kwenda ukutani. Zilipita ukuta. Nikachungulia dirishani nikamwona baba mkwe amevaa suti yake nyeusi, ile ya Sabato na ya mazishi, kofia mkononi, anakuja kwangu. Alikuwa karani wa kituo cha kununulia chai enzi zake, na bado anatembea kwa kujinyoosha, lakini asubuhi ile alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake. Alifika kizingitini akasimama. Alikuwa anaangalia chini.

Akainua mguu mmoja.

"Tata," nikasema kutoka ndani. "Tafadhali usiingie."

Mguu ukarudi chini. Tulibaki hivyo, yeye nje, mimi nyuma ya pazia, ambalo ni la bluu, na natumaini hakuliona.

"Wameniambia bila mimi kuingia, wewe hutaenda," akasema kwa Kigusii, akiongea na kizingiti.

"Nitaenda kwa njia nyingine."

"Kama hakuna nyingine?"

"Basi nitabaki. Lakini siendi kwa kukuvua heshima yako mlangoni pangu."

Nilisema hivyo na nilimaanisha, japo moyo wangu ulikuwa unanipigia makelele kwamba mimi ni mjinga. Mzee alivaa kofia, akageuka, akarudi hatua zake zote ishirini na mbili. Alipofika ukutani alisimama, akasema bila kugeuka, "Huyo wakili anakaa wapi?"

Tulikwenda Kisii mjini Jumatatu, yeye na shangazi kwenye bodaboda ya mbele, mimi kwenye ya nyuma. Ofisi ya wakili ilikuwa na benchi moja. Mzee aliliangalia, akabaki amesimama koridoni mpaka alipoitwa. Alipoingia ndani mimi nikachukua nafasi yake koridoni, na mlango ule ulikuwa mbovu, haufungi. Nasema wazi kwamba nilisikiliza. Sioni aibu.

Wakili alimweleza kwamba ataandika hati ya kiapo, na kwamba aseme tu yale anayoyajua. Waliongea Kiswahili kwa kuwa wakili hakujua Kigusii.

"Andika," mzee akasema, kwa ile sauti ya karani anayesoma kilo. "Mimi ni baba ya bwana yake. Nimekaa na huyu mama miaka tano. Hiyo nyumba yake sijaingia."

"Mzee, hiyo tukiandika hivyo..."

"Andika kwanza. Nyumba zingine zote hapo kijijini nimeingia. Ya mwalimu nimeingia. Ya mchungaji nimeingia. Ya yule mlevi pia nimeingia nikakunywa chai. Hii moja tu ndio sijaingia. Kama huyu mama hangekuwa bibi ya mtoto wangu, ningeingia. Huyo mtu wa barua afikirie mwenyewe ni kwa nini."

Nilisikia vidole vya wakili vikiacha kuchapa. Kisha vikaanza tena, upesi. "Endelea, mzee. Hata kwetu mama mkwe tunamwamkia kwa mbali. Endelea."

"Asubuhi nikiona moshi kwa paa yake, najua ameamka salama. Moshi ikichelewa, mimi nakohoa. Nakohoa kwa nguvu mpaka nisikie sufuria."

Kwa miaka mitano nilikuwa nasikia kikohozi kile. Nilikuwa na hakika mzee ana kifua kibovu. Nilikuwa nampondea tangawizi, nachanganya na asali, naweka kikombe juu ya ukuta kila baridi ikizidi. Na yeye alikuwa anakunywa yote, anaosha kikombe, anapindua.

"Mwaka jana meno yangu iliisha," akaendelea. "Sikumwambia. Mambo ya mdomo huwezi ambia bibi ya kijana yako. Lakini siku mbili tu zilipita, mboga ya chinsaga ikakuja imekatwa laini, laini. Ugali ya wimbi ikakuja nyepesi. Mpaka leo sijui nani alimwambia."

Waliniambia kuku. Nilikuwa nimewaona wakidonoa punje za mahindi chini ya ukuta, punje nzima nzima alizoshindwa kutafuna, nikajua.

Mzee akasema polepole, "Bibi yangu alikufa. Kijana yangu ako mbali. Huyu ndiye ako. Mimi sitaki aende. Lakini ni bibi ya mtu, si bibi ya ukuta. Waache aende kwa bwana yake. Basi. Niweke sahihi wapi?"

"Unaweza kuandika jina, mzee?"

"Mimi nilikuwa karani," akasema, na nikajua amekasirika kidogo, na nikampenda kwa hilo pia. Nililia pale koridoni bila kujificha, mpaka mtu wa ofisi ya jirani akaniletea kiti.

Picha tuliipiga siku iliyofuata, kwa simu ya shangazi yenye kioo kilichopasuka. Mzee alisimama mlangoni kwake kwa suti. Mimi nilisimama mlangoni kwangu kwa gauni la kanisani. Shangazi alirudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akaegemea mparachichi ndipo tukatoshea sote wawili. Katikati yetu ulionekana ukuta, na juu ya ukuta bakuli. Hakuna aliyeliweka kwa ajili ya picha. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana.

Mahojiano yalikuwa Nairobi. Nilisimama mbele ya dirisha la kioo, na upande wa pili alikaa mwanamke wa makamo, na kando yake mkalimani wa Kiswahili. Aliuliza mambo ya mume wangu: anapenda kula nini, analala upande gani, alivunjika mkono akiwa na miaka mingapi. Nilijibu. Akafungua faili, akatoa ile picha, akaiangalia kwa muda.

"Mbona mmesimama mbali hivi?"

"Hapo ndipo tulipokaribiana kuliko siku zote," nikasema.

Mkalimani alitabasamu kabla ya kutafsiri. Yule mama akasoma hati ya kiapo, akarudi nyuma, akasoma tena sehemu fulani. Akaweka kidole kwenye picha.

"Na hili bakuli?"

"La chakula chake."

Akaniangalia. "Ukienda, nani atamwekea chakula?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote. Nilikuwa nimekariri tarehe, anwani, majina ya wajomba. Swali hilo hakuna aliyeniandaa nalo, na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa nimelikimbia miezi yote ile. Nilijikaza kisabuni, haikusaidia, machozi yakanitoka mbele ya kioo, na watu kwenye foleni nyuma yangu wakadhani nimekataliwa. Yule mama alinisukumia karatasi ya kufutia kupitia kile kitundu cha kupitishia pasipoti. Hakuuliza tena.

Viza ilitoka baada ya wiki chache. Mume wangu alilia kwenye simu, mtu mzima, kazini, amevaa sare. Kanisani walitangaza, wale akina mama wa tumbo wakanikumbatia. Mimi nilifurahi, lakini kila nikienda ukutani na bakuli, swali la yule mama lilikuwa linanisubiri. Shangazi aliahidi kuja kutoka Kebirigo mara tatu kwa wiki. Na siku nyingine nne? Nikaanza kumwambia shangazi labda nisogeze safari, viza ina miezi yake, labda ningoje mpaka mavuno yapite, labda nipate mtu kwanza. Nilimsimulia na lile swali la kwenye kioo.

Nilipaswa kukumbuka shangazi ni mtu wa namna gani.

Siku moja kabla ya tarehe ya tiketi, nilitoka mapema kwenda kumwekea mzee uji. Juu ya ukuta bakuli lilikuwa limeshawekwa, na halikuwa limepinduliwa. Lilikuwa limefunikwa kwa sahani. Nilipotazama mbele, mzee alikuwa amesimama mlangoni kwake. Kwa mara ya kwanza hakusubiri nipotee. Shati lake lilikuwa na masizi kifuani, na kidole gumba alikuwa amekifunga kitambaa.

"Chakula kiko tayari," akaniambia, akiangalia miti.

Nikafunua. Viazi vitamu, sita, vya kuchemsha. Vilikuwa vimemenywa kwa kisu na mtu ambaye hajawahi kumenya kitu maishani, vimebaki na pembe kila upande. Kwetu mzee wa umri wake haingii jikoni. Alikuwa ameingia. Alishindwa kuja kwangu, akaenda pale alipoweza.

"Umepika mwenyewe, Tata?"

"Ile swali uliulizwa," akasema. "Majibu ndiyo hiyo. Kesho usikose ndege."

Nilivifunga kwenye karatasi ya nailoni, nikaviweka kwenye mkoba wa mkononi, sikutaka kuvila mbele yake kwa sababu niliogopa kulia. Kesho yake alfajiri gari lilikuja. Mzee alikohoa mara moja kutoka ndani kwake, kwa nguvu, nami nikagonga sufuria tupu kwa kijiko ili ajue nimesikia. Tulipopita Keroka nikafungua mkoba, nikauma cha kwanza. Nje kilikuwa kimelainika na ndani kibichi kabisa, kigumu, kinalia kwenye meno. Cha pili vilevile. Dereva aliniuliza kama nataka tusimame ninunue chakula cha maana. Nikamwambia asante, nimeshiba, na nikaendelea kuvila mpaka vikaisha vyote sita.